Nasaha kwa Wanaoingia Msibani na Biblia Mkononi

Siku hizi hapa Kigali mtu akifiwa, akiachishwa kazi au akilazwa hospitali, maneno humfikia kabla ya msaada. Chungu hakijainjikwa jikoni, simu yake imeshajaa mistari ya Biblia na picha za mishumaa. Aliyetuma anajihesabu kuwa ametembelea mgonjwa, anarudi kwenye shughuli zake. Kisha mfiwa akithubutu kusema, "Mimi sijui Mungu alikuwa wapi," wale wale waliotuma mistari huitana pembeni kumjadili. Nasaha hizi naziandika nikiwa na hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, nimekalia viti vya plastiki vya ikiriyo, ndiyo matanga yetu, kuanzia Kimironko hadi Gikondo na Nyamirambo, na mengi ninayoyasikia hunitia aibu mbele ya majirani zetu Waislamu, ambao humzika mtu wao mapema, wakampikia mfiwa, na hotuba ikawa fupi.

Nianze na lililo kubwa. Usimkemee mwenye msiba kwa kuwa anamuuliza Mungu maswali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuuliza si dhambi. Mwangalieni Ayubu na rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika walifanya jema moja: waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila mtu kutamka neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Laiti wangeaga siku ya nane! Badala yake walifungua midomo, wakamtetea Mungu sura baada ya sura: hakuna anayeteseka bila kosa, tubu, nyenyekea, acha maneno makali. Ayubu naye alilaani siku aliyozaliwa na kumtaka Mungu aje wahojiane. Mwisho wa yote Mungu aliwakasirikia nani? Aliwakasirikia watetezi wake. Aliwaambia hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu, tena wakaagizwa wamwendee Ayubu huyo huyo awaombee. Kila anayejiandaa kwenda msibani na mahubiri aisome kwanza sura ya 42, ndipo avae viatu.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wazee wa Rwanda wana msemo, *Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda*, kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Ulikuwa msemo wa kujivunia. Tangu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 umegeuka swali, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama Aprili ile walikwenda huko kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisa liliheshimiwa, na aliyeingia ndani alipona. Safari hii waliuawa humo humo. Nguo zao bado zimerundikwa juu ya mabenchi ya Nyamata, na bati la paa lina matundu yanayopitisha mwanga wa jua. Kule Nyange, padri wa parokia aliridhia kanisa lake libomolewe kwa tingatinga juu ya watu waliojificha ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani, na mwaka 2008 ikamwongezea adhabu hadi kifungo cha maisha. Kule Mugonero, wachungaji Waadventista waliozingirwa pamoja na maelfu ya watu walimwandikia barua kiongozi wao wa kanisa, wakamwarifu kwamba kesho yake wangeuawa wao na jamaa zao, wakamsihi awasemee kwa wakubwa. Kesho yake mashambulizi yalikuja. Kiongozi huyo naye alihukumiwa Arusha mwaka 2003.

Sasa mtoto wa mtu aliyefia mahali kama hapo anapokaa benchi la nyuma bila kuimba, wewe ni nani wa kumnong'oneza jirani yako kwamba imani yake imepoa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba msamaha Novemba 2016 kwa ajili ya Wakristo wao walioshiriki mauaji yale. Machi 2017, Papa Fransisko alipokutana na Rais Kagame Vatikani, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Wakubwa hao wamekiri mbele ya dunia. Mshirika aliyebatizwa juzi anapata wapi ubavu wa kumwona mwenye maswali kuwa ndiye mwenye kasoro?

Kuna jambo lililonikera mwaka fulani, nalisema bila kutaja kanisa. Ilikuwa ibada ya Kwibuka, ndiyo kumbukumbu ya mauaji ya 1994, na mama mmoja mjane alialikwa kutoa ushuhuda. Alieleza vizuri, kwa sauti ya chini, jinsi alivyowapoteza watoto wake. Walimsikiliza. Akaendelea, akasema kwamba usiku hawezi tena kusali. Anaanza Baba Yetu, akifika kwenye kusamehe anakwama, anazima taa. Hapo kiongozi wa ibada akasimama, akamchukulia kipaza sauti mkononi kwa tabasamu, akasema, "Lakini Mungu ni mwema!" Kwaya ikainuka, kinanda kikapigwa. Yule mama akabaki amesimama, leso mkono wa kushoto, mkono wa kulia bado umeinuliwa kifuani kana kwamba kipaza sauti kimo humo. Hakuna aliyemwonyesha kiti. Alitembea peke yake hadi mlangoni huku watu wakipiga makofi kwa ajili ya wimbo.

Huo ni utovu wa adabu, hata kama umefanyika madhabahuni. Ukimwalika mtu aseme, mwache amalize. Usimwagize manusura ushuhuda wenye mwisho mtamu ili mkutano uende nyumbani umetulia. Anayo haki ya kusema amesamehe, na anayo haki ya kusema bado. Na jambo jingine: acheni kumtumia Immaculée Ilibagiza kuwa fimbo. Dada yule alijificha siku 91 katika choo kidogo cha nyumba ya mchungaji, yeye na wanawake wengine saba, akatoka humo na imani iliyokomaa, akakiandika kitabu kinachosomwa duniani kote. Mungu ambariki. Lakini nimesikia kwa masikio yangu mtu akimwambia mfiwa, "Mbona Immaculée aliweza?" Ushuhuda wa mmoja haukuandikwa uwe kipimo cha kuwapimia wengine machozi.

Linanishangaza zaidi nikikumbuka tulikotoka. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia hapa hapa Rwanda, Gahini, miaka ya 1930, ukavuka kwenda Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walokole wa kwanza walijulikana kwa jambo moja lililowaudhi wakubwa wao: walisimama mbele ya watu wakasema ukweli juu ya maisha yao, wakaliita jambo hilo kutembea nuruni. Sisi wajukuu wao tumeurithi mtindo, tumeupunguza ukweli. Mtu akisimama akakiri wizi au uzinzi, anapigiwa makofi na kukumbatiwa. Akisimama mwingine akasema, "Wiki hii sikuweza kuamini," anaitiwa kikosi cha kumkemea pepo. Kwa hiyo watu wamejifunza. Wanaimba kwa nguvu Jumapili, Jumatatu wanalia ndani ya basi la kwenda Nyabugogo wakiwa wamegeuza uso dirishani. Kanisa ambamo mtu anaweza kukiri kosa lakini hawezi kukiri shaka limemfundisha kusema uongo, tena uongo wa kusemwa mbele za Mungu.

Mama aliyezika mtoto usimwambie Mungu alimpenda zaidi.

Usiulize msibani kama marehemu alikuwa ameokoka.

Anayenusurika ashukuru, lakini ashukuru kwa adabu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliporomosha milima kule Rubavu, Rutsiro, Karongi na wilaya za jirani, watu zaidi ya 130 wakafa. Nilimsikia mtu akishukuru hadharani kwamba nyumba yake ilisimama kwa kuwa familia yake hukesha ikiomba. Pale alikuwepo kijana aliyekuwa amewazika wazazi wake, na wazazi wale walikuwa watu wa sala kuliko msemaji huyo. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa mapadri na vijana katika Centre Christus pale Remera, nyumba ya mafungo. Waliokuwa humo hawakukosa sala. Basi sema, "Namshukuru Mungu, niko hai," ukomee hapo. Ukianza kueleza kwa nini wewe, umeshamhukumu yule ambaye hakupona.

Na ninyi mnaotangaza kila janga kuwa adhabu, nina neno nanyi. Virusi vya Marburg vilipoingia nchini mwaka 2024, watu 66 waliugua na 15 wakafa, na wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Ndani ya majuma machache mhubiri mmoja alishapata jibu: ni dhambi za mji. Adhabu kwa muuguzi aliyekuwa akimgeuza mgonjwa kitandani? Na kuhusu kuwasimamia wahubiri, serikali ilifunga nyumba za ibada zaidi ya 700 hapa Kigali mwaka 2018, na sheria ya mwaka ule ule inawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini. Walilalamika wengi. Mimi sikulalamika, ila naona shahada pekee haitatosha, maana hakuna chuo kinachotoa cheti cha kunyamaza. Anayemwambia mjane atoe sadaka ya mbegu ili baraka zirudi nyumbani, huyo simpi nasaha. Huyo apelekwe kituo cha polisi.

Tukiingia nyumba ya mgonjwa au ya mfiwa, mikono itangulie. Mgonjwa haulizwi uji. Usisimame mlangoni ukauliza, "Tunaweza kusaidia nini?" ukamwachia aliyechoka kazi ya kukutafutia kazi. Namkumbuka mama mmoja wa Gikondo katika ikiriyo ya jirani yake. Sebuleni tulikuwa wanaume tisa au kumi tukipokezana sala, kila mmoja akitaka yake iwe ndefu kuliko ya mwenzake. Yeye alipita kimya hadi uani, akafunga kitenge vizuri, akavuta kigoda, akamenya ndoo nzima ya viazi. Halafu akaosha vikombe, akajaza chupa za chai ya maziwa, akawabadilisha watoto wa marehemu nguo za shule zilizokuwa na tope, akaondoka. Sijui alisali au hakusali. Mjane alipopata nguvu ya kusema aliuliza jina la yule mama, na la kwetu sisi hakuliuliza.

Maradhi ya moyo na akili yataka neno lake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa sonono kali iliwapata asilimia 12 ya watu kwa jumla, na asilimia 35 ya manusura wa mauaji ya kimbari. Ni zaidi ya mmoja katika kila watatu. Wengi wao wako makanisani mwetu. Aprili inapofika na mtu akaanguka uwanjani wakati wa Kwibuka akipiga kelele za mwaka 1994, hilo ni ihahamuka, jeraha la nafsi. Wale vijana wa Msalaba Mwekundu wenye vizibao wanajua la kufanya, wapisheni. Usimwekee mikono kichwani ukapiga kelele kuzidi zake. Akihitaji kwenda hospitali ya akili ya Ndera kwa daktari, mlipie gari, msindikize, kaa naye kwenye foleni. Na usimwambie kamwe aache dawa ili kuonyesha imani. Nimeona lililotokea kwa aliyeambiwa hivyo, na nimeingia kwenye mazishi yake.

Sasa niwageukie ninyi wenye mashaka, wanangu, maana nanyi mna adabu zenu na si wote mnazishika.

Shaka ikiwa yako, ibebe kwa heshima. Usiikejeli rozari ya mama yako. Huenda ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi miaka yote hii, na wewe ukala kwa sababu alitoka kitandani. Ibada ukishindwa kwenda, usiende. Lakini ikiriyo nenda, mgonjwa mtazame, mchango wa harusi ya jirani utoe. Ukimwacha Mungu kwa muda, usiwaache watu kwa kisingizio hicho. Na wale vijana ninaowasikia kwenye migahawa ya Kimihurura, wenye kikombe mkononi na ambao hawajazika hata mtu mmoja, wakiitaja mifupa ya Nyamata ili kushinda mabishano: mkome. Wafu wale wana wenyewe. Kama una hoja, ijenge kwa mali yako.

Lakini kwa yule anayeumia kwelikweli nasema polepole. Mwanangu, hujatoka nje ya nyumba. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina aya ya kushangilia mwishoni, na Wayahudi na Wakristo wameitunza kuwa sala kwa karne na karne. Yohana Mbatizaji, aliyemtambulisha Kristo kwa watu, alipofungwa gerezani aliwatuma wanafunzi wake wakaulize kama kweli ndiye. Yesu hakumkaripia, wajumbe walipoondoka alimsifu mbele ya umati. Mama Teresa wa Calcutta aliishi miongo mingi katika giza la sala, na barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 watu walishangaa kwamba mwanamke yule aliwaosha wanaokufa huku yeye mwenyewe hasikii chochote kutoka juu. Wagombanao ndio wapatanao. Aliyekata tamaa kabisa hata hasumbuki kugomba. Tafuta mtu mmoja asiye mwepesi wa kushtuka, umwambie yote, usiyapambe. Mmoja anatosha, usiitishe mkutano.

Ninyi mnaoishi na mtu wa namna hiyo chini ya paa moja, jifunzeni kwa Tomaso. Jioni ya kwanza Yesu aliyefufuka alipowatokea wanafunzi, yeye hakuwepo, na wenzake walipomsimulia alikataa waziwazi. Hawakumfukuza. Siku nane baadaye bado alikuwa nao ndani ya chumba kile kile, na wala Injili haisemi kwamba katika siku hizo nane alikuwa amelainika. Walimvumilia mezani, basi.

Jifunzeni pia kwa Daphrose. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi aliyeandaa ngoma na nyimbo ambazo Wanyarwanda wanaziimba hadi leo, aliingia seminari ujanani, akatoka, akaipoteza imani. Alipomwoa Daphrose mwaka 1965 alikuwa mtu asiyesali. Ndoa ilipita kwenye miaka ya uchungu. Mke alisali na kungoja, wala mume hakurudi kwa kushindwa hoja sebuleni; alirudi mwaka 1982, baada ya ugonjwa. Kisha wakaanza pamoja kuwalisha watoto wa mitaani wa Kigali na kuileta nchini Jumuiya ya Emmanuel. Tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Kanisa Katoliki lilianza mwaka 2015 kuchunguza kama watangazwe wenye heri. Naomba habari hii isigeuzwe kuwa tangazo la biashara. Imani yao haikuzuia risasi, na miaka ya mashaka ya Cyprien haikumfanya awe mtu wa kutupwa. Anayetaka kuisimulia aisimulie nzima.

La mwisho ni la vitendo. Juma la kwanza nyumba ya mfiwa hukosa nafasi ya kukaa. Tukishamaliza ikiriyo, viti vya kukodi vikarudishwa na turubai likakunjwa, tunatoweka. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anadai kodi, shule inadai ada, na mwenye msiba yuko peke yake na maswali yake. Hapo ndipo watu wengi huacha kuja kanisani, nasi tunasema shetani amewachukua. Basi kila jumuiya na kila kikundi cha maombi hapa mjini kichague watu wawili wa kurudi nyumba ile baada ya mwezi, tena baada ya miezi mitatu, wakiwa na bahasha ya kodi na muda wa kusikiliza. Wakiulizwa Mungu alikuwa wapi na hawana jibu, waseme hawana, na wasiondoke.